Aliyeponea kiharusi na moyo unaosahauliwa

Mgonjwa wa kiharusi anaporudishwa nyumbani Machame au Rombo, familia huhesabu viungo: mkono umeanza kukunjika, mguu bado unaburuta, kijiko anakishika. Moyo hauhesabiwi. Akifariki miezi kadhaa baadaye husemwa kwamba kiharusi kimerudi, na huenda hakikurudi kabisa, kwa kuwa shinikizo la damu na kisukari vilivyoharibu mishipa ya ubongo huwa havikuiacha salama mishipa ya moyo.

Wanaosita kumwanzishia dawa za kulinda moyo wana hoja nzito. Aspirini, inayozuia damu kuganda, humfaa aliyezibwa mshipa wa ubongo, lakini inaweza kumdhuru ambaye mshipa wake umepasuka, na hao wawili hawatenganishwi kwa uhakika bila picha ya CT, yaani picha ya ndani ya ubongo, ambayo zahanati haina. Hata dawa za kushusha lehemu zina doa: utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa atovastatini ya miligramu 80 hupunguza viharusi na mashambulio ya moyo, ingawa waliovuja damu ubongoni waliongezeka kidogo. Gharama nazo zipo, na kila mwenye mgonjwa anazijua.

Hata hivyo, kuna hesabu moja ya hapa hapa Moshi ambayo hainitoki akilini. Katika utafiti wa idara ya dharura uliochapishwa mwaka 2020, kati ya watu 681 waliofika wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, 152 walikuwa na shambulio la moyo, na katika 150 waliofuatiliwa, 65 walikuwa wamefariki ndani ya siku 30. Wengi hawakutambuliwa walipofika. Na hao walau waliweza kueleza wanapoumia. Je, yule ambaye kiharusi kimempiga upande wa kushoto wa ubongo, kikamwondolea usemi? Kifua kikimbana usiku atahema na kuhangaika, nasi tutadhani anataka kugeuzwa kitandani.

Kukosekana kwa picha ya CT ni sababu ya kuizuia aspirini. Si sababu ya kuuacha moyo mzima. Utafiti wa PROGRESS wa mwaka 2001, wenye washiriki 6,105 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi, waliozibwa mshipa na waliovuja damu kwa pamoja, ulionyesha kuwa dawa za kushusha shinikizo la damu zilipunguza kiharusi kipya kwa asilimia 28, na hata mashambulio ya moyo yalipungua. Dawa za aina hiyo, siku za hatari za mwanzo zikishapita, hazilazimiki kusubiri picha.

Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, yanayoweza kurusha damu iliyoganda hadi ubongoni, mara nyingi hunaswa kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kabla ya kipimo cha umeme wa moyo kuyathibitisha. Siku ya mazoezi ya viungo mgonjwa huletwa hospitali kwa shida kubwa, mara nyingine kwa bodaboda akiwa ameshikiliwa na mwanawe kwa nyuma, na mkono huo huo unaonyooshwa na kukunjwa ndio wenye kifundo hicho.