Sanduku la Barua, Sanduku la Maiti

Naangalia seva ya barua pepe ya wateja wachache hapa Bukavu. Mashine ni moja, imewekwa Postfix, programu ya kupokea na kusambaza barua. Wenye kulipa ni wawili: mama mwenye ukumbi wa harusi kule Nguba, na mzee seremala wa Kadutu. Mzee huyu hatengenezi viti. Anatengeneza masanduku, yale ambayo anayelala ndani halalamiki.

Domeni ya mama, yaani lile jina linalofuata @, ilitulia mwaka mzima. Siku alipokuja mzee, umeme umekatika, betri ya kompyuta iko asilimia 14. Nikaibandika domeni yake kwenye mstari wa mydestination, orodha ya domeni ambazo mashine inazipokelea barua kama zake yenyewe, ubavuni mwa ile ya mama. Wanaoijua Postfix wameshaanza kucheka. Domeni zote za mstari ule inazihesabu nyumba moja. Inatazama tu jina lililo kabla ya @, na kwa wote wawili jina hilo ni info. Info wa harusi na info wa msiba ni info yuleyule.

Na mashine haikunificha. Nilipotaka kumfungulia mzee akaunti ya info, ilinijibu kwamba mtumiaji huyo yupo. Nikasema moyoni, kumbe nilishamtengeneza! Nikabadilisha neno la siri, nikampa mzee. Akakuta barua zimejaa mle ndani, akafurahi: hata siku haijaisha, wateja tele. Kesho yake mama akalalamika simu yake inakataa kufungua barua. Na yeye nikampa neno lilelile. Naapa, wala sikushtuka.

Ndipo familia moja iliyofiwa ikaandika kuuliza bei. Mama, ambaye barua huzisoma salamu tu, akajibu: "Hongereni sana! Wageni wangapi? Na muziki je?"

Naye bwana harusi mmoja aliandika kwamba siku ni Jumamosi, anaomba maandalizi. Mzee akamjibu kwa ule upole wa kazi yake: "Poleni. Tumeni urefu na upana." Kijana akadhani anaulizwa meza kuu. Akaandika: "Mita sita kwa moja na nusu. Tutakaa kumi na wawili."

Simu yangu ililia saa tano usiku.

"Mwanangu, watu kumi na wawili, sanduku moja? Huo ni ukoo gani?"

"Mzee, usikate mbao!"

"Nimeshakata. Mbao za libuyu tupu."

Usiku uleule niliziondoa domeni zote mbili kwenye mydestination, nikazihamishia virtual_alias_domains, orodha ambayo kila anwani inatazamwa nzima pamoja na domeni yake. Kwenye faili la virtual nikaandika mistari miwili, anwani nzima kushoto, mwenyewe kulia: info wa ukumbi aende kwa mama, info wa masanduku aende kwa mzee. Nikalala kama mtu aliyefanya kazi. Asubuhi kila barua inarudishwa ilikotoka, eti mpokeaji hajulikani. Nilikuwa nimesahau amri ya postmap. Postfix haikuwa na habari na maandishi yangu mapya, ilikuwa bado inasoma faili la zamani la .db, ambalo postmap ndiyo hulitengeneza upya.

Zikabaki mbao. Tulijadiliana uani kwa mzee, nimekalia kifuniko kisichopakwa vanishi bado, mpaka tukaelewana: atengeneze meza kuu, mama ainunue, kitakachopungua nilipe mimi. Kilipungua.

Jumamosi harusi ilifana. Mama aliniita mwenyewe, akanivutia kiti palepale kwenye meza ile ya libuyu.

Nilikula nimesimama.