Muziki wa Msibani Sikuuchagua Mimi

Najua voisi noti imeshawafikia. Yule jamaa yangu wa bajaji hana dogo: saa nane limetokea, saa tisa shemeji yangu wa Tukuyu ananipigia hawezi kuongea kwa kicheko. Basi sikilizeni na mwenye aibu yake.

Steshenari yangu pale Mwanjelwa, Mbeya, mnaijua, ile yenye spika nje inayoimba "kopi, printi, laminesheni" tangu asubuhi. Juzi ng'ambo ya barabara kukawa na msiba. Mjumbe akaja: "Kijana, tupunguzie." Nikalisimamisha tangazo kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta, jamani. Ampli nikaiacha kitufe kimefika mwisho kulia. Shikeni hapo.

Wafiwa wakaleta picha ya mzee niwatengenezee ratiba ya mazishi. Programu yangu muda wake wa bure ulikuwa umeisha, ikabandika neno TRIAL kubwa kwenye paji la uso wa marehemu, kana kwamba mzee alikuwa anajaribu tu kufa. Nikaingia mtandaoni kutafuta keijeni, vile vijiprogramu vya kufyatua funguo za wizi.

Na nilikagua! Msiniite mshamba. Faili nililipandisha VirusTotal, ile tovuti iliyonunuliwa na Google mwaka 2012, inayolipitisha faili lako kwenye antivirusi kama 70 kwa mkupuo. Zaidi ya nusu zikawaka nyekundu. Mwenye akili zake anafunga anakwenda kula. Mimi nikajiambia, aah, keijeni hupigwa alama hata zikiwa hazina kitu, kwa kuwa zinahesabiwa zana za wizi. Na ni kweli. Ndiyo maana kirusi chenyewe hupenda kujificha humo humo. Maelezo yakasema zima antivirusi kwanza. Nikazima. Mwizi kakwambia mfunge mbwa, nawe unamuuliza kamba ipi.

Nikabofya mara mbili.

Kwa wasiojua: keijeni nyingi zina desturi ya kupiga muziki zikifunguka. Vinanda vya gemu za zamani, kasi ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Ng'ambo, mchungaji alikuwa ndiyo kwanza amesema, "Tuinamishe vichwa vyetu." Kimya. Baridi ile ya Julai, unasikia hadi mtu akivuta kamasi. Halafu: TI-TI-RI-TI-TI!

Natafuta alama ya kufungia, haipo. Kidirisha chenyewe hakina pembe, kina fuvu linatikisa kichwa. Nikachomoa waya. Kioo kikawa cheusi, muziki ukaendelea. Nimechomoa wa skrini. Nikarukia swichi ya ukutani, paa! Taa zikazimika. Muziki ukaendelea. Kwa nini? Kwa sababu mwezi uliopita niliwatambia humu humu kwamba kompyuta na ampli vyote nimeviweka kwenye UPS, lile boksi la betri ya akiba, Tanesco wakate wasikate mimi napiga kazi. Sasa UPS nayo, ilipoona umeme hakuna, ikaanza kulia pii... pii... pii, na naapa iliingia kwenye mdundo.

Nikainua macho. Turubai zima limegeuka. Mbele kabisa kuna mtoto wa miaka minne hivi, ameshika kanga ya bibi yake, anacheza. Tena anajua.

Kitufe cha ampli nilikiona mwisho kabisa, baada ya vyote. Nilipokizungusha, kimya kilichorudi kilikuwa kibaya kuliko muziki. Yule bibi akanitazama kutoka kule, akasema polepole, "Ndaga fijo, mwanangu." Yaani kwa Kinyakyusa, asante sana.

Mengine mafupi. Kompyuta imepigwa Windows upya, nywila nimezibadilisha zote kwa simu, ratiba nimeichapa kwa Word na mzee katoka na paji lake safi. Nimepeleka kilo tano za sukari msibani, zimepokelewa.

Jamaa wa bajaji ndiye hajapoa. Leo asubuhi kashusha abiria mlangoni kwangu, anapaza sauti hadi ng'ambo: "DJ yupo? Mama anataka kopi ya kitambulisho!" Mama nimemtolea bure. Yeye nimemdai mia tano.