Fosfeti kwenye histoni: je, ndiyo inayonyamazisha jeni za mwani na mimea?

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska, Marekani, walieleza kwamba mwani wa seli moja, Chlamydomonas reinhardtii, ukikosa kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti, kikundi kidogo cha fosforasi na oksijeni, kwenye protini) iitwayo Mut9p, jeni za kupandikizwa zilizokuwa zimenyamazishwa huanza tena kufanya kazi, na transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyohamahama ndani ya jenomu, navyo huamka. Kwa kuwa Mut9p huiongezea fosfeti treonini, asidi amino iliyo nafasi ya tatu katika H3, mojawapo ya histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushiwa, wengi wamehitimisha kwamba fosfeti hiyo ndiyo inayonyamazisha jeni.

Hoja yao ina uzito. Treonini hiyo imepakana na lisini, asidi amino ya nafasi ya nne, ambayo ikibeba methili tatu (vikundi vidogo vya kaboni na hidrojeni) huvuta protini zinazoanzisha unukuzi, yaani kusomwa, wa jeni. Na katika seli za binadamu imethibitika kwamba treonini ikishapata fosfeti, protini hizo hushindwa kujishikiza vizuri. Mimea nayo inaelekea upande huohuo. Utafiti wa mwaka 2015 juu ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya kabichi, ulionyesha kwamba maji yanapokuwa magumu kufyonzwa, fosfeti hiyo huongezeka kandokando ya sentromea, sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapojigawa, na kwamba mimea isiyo na MLK1 na MLK2, kinasi za ukoo wa Mut9p, huathirika zaidi na hali hiyo.

Hata hivyo, kuhitajika kwa kinasi si ushahidi kwamba alama yake kwenye H3 ndiyo inayofanya kazi. Mut9p yenyewe huiwekea fosfeti pia histoni nyingine, H2A. MLK4, ya ukoo uleule, huweka fosfeti kwenye serini, asidi amino ya nafasi ya 95 ya H2A, na matokeo yake, kwa mujibu wa utafiti wa mwaka 2017, ni kuchochewa kwa GIGANTEA, jeni inayohusika na wakati wa kuchanua, na mmea kuchanua mapema siku zinapokuwa ndefu. Huko ni kuamsha jeni, kinyume kabisa cha kuinyamazisha. Zaidi ya hayo, kinasi hizi hushughulikia protini zisizo histoni kabisa, zikiwemo PIF3 na CRY2 zinazohusika na mmea kuitambua nuru, kwa hiyo anayeing'oa kinasi nzima anavuruga mambo mengi kwa mpigo. Tena treonini ileile hupewa fosfeti na kinasi nyingine, Haspin, wakati seli inapojigawa.

Kwa maoni yangu, umuhimu wa Mut9p katika unyamazishaji umethibitishwa vya kutosha, lakini ule wa fosfeti yenyewe bado ni dhana, ingawa ni dhana nzuri. Jaribio la kuamua ni kuiacha kinasi ilivyo na kubadilisha treonini ya H3 iwe alanini, asidi amino ambayo haipokei fosfeti. Ni kazi nzito, kwa sababu mwani na mimea vina nakala nyingi za jeni ya H3. Lakini jeni zilizonyamaza zikiamka katika mwani wa namna hiyo, dai kwamba fosfeti ndiyo inayonyamazisha litakuwa limesimama. Zikiendelea kunyamaza, itabidi H2A na protini nyingine zinazoguswa na Mut9p zichunguzwe moja baada ya nyingine.