Simu ilikuwa inanyesha

Naona rafiki yangu Swahiba ameniwahi kuwasimulia yaliyonikuta kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Jana jioni nimefungua simu nikakuta magrupu matatu yote yananiita Masika, na mtu ambaye hatujaongea tangu shule ananiuliza kama kesho atoke na mwavuli.

Basi naandika mwenyewe, kidonda kikiwa bado kibichi, kwa sababu toleo la Swahiba lina uongo sehemu mbili. Kwanza, sikupiga magoti. Niliinama kuokota kalamu. Pili, sikulia. Hayo mengine yote, eeh, yalitokea.

Mnaonifuata humu mnaijua hii simu. Nilitupia picha yake mwenyewe, na maneno ya kujitapa juu: "Wengine mnanunua, sisi tunapewa." Ndiyo hiyohiyo, ya mkataba. Miezi 24, intaneti bila kikomo, na dakika za kutosha kumpigia kila mtu niliyewahi kumkopa. Mkataba ulikuwa na kurasa 14. Nilisoma ukurasa wa kwanza, wenye jina langu, na wa mwisho, wenye sehemu ya sahihi. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri, nikaridhika.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa raha mustarehe. Kuanzia wa tano, kila ikifika tarehe tano au sita, mtandao unageuka kobe. Picha inafunguka kuanzia paji la uso, unasubiri pua, unasubiri mdomo, mpaka ukijua ni nani ameshafuta. Ulikuwa mwezi uleule nilioanza kukosa usingizi, lakini hayo mawili hayahusiani. (Yanahusiana. Subirini.)

Mwezi wa saba ulipokwisha, na mimi uvumilivu ulikuwa umekwisha. Swahiba akaniambia, "Hawa wanakula data yako, twende tukawaoneshe." Mmeona? Wazo lilikuwa lake. Kwenye toleo lake hilo hulikuti.

Tukafika ofisini kwao, tukachukua namba ya foleni: 43. Anayehudumiwa: 19. Hapo ndipo palipoharibika, kwa sababu mtu mwenye hasira hatakiwi kabisa kupewa muda wa kujiandaa. Nikaingia mtandaoni kutafuta sheria. Kwa kasi ile, ukurasa ulikuwa unashuka kama ndoo inateremshwa kisimani kwa kamba, ukafika katikati ukagoma. Nusu niliyoipata ilisema kwamba katika Umoja wa Ulaya kampuni ya simu hairuhusiwi kumfunga mteja wa kawaida kwa mkataba unaozidi miezi 24. Nusu ya pili ilisema nini, sijui. Hiyo moja ilinitosha.

"Namba 43, dirisha la pili."

Sasa hapa naomba twende polepole, maana ndipo nilipozikwa.

Sikwenda dirishani. Niligeuka kwanza, nikawatazama watu waliokaa. Walikuwa kama 20. Nani alinituma? Hakuna aliyenituma.

"Ndugu zangu," nikasema, "hawa watu wameandika bila kikomo, na kikomo nimekiona kwa macho yangu haya mawili!"

Mtu mmoja kule nyuma akaitikia, "Kweli!"

Jamani, msije mkadharau nguvu ya "kweli" moja kutoka nyuma. Nilihisi kifua kinaongezeka. Nikaendelea. "Ulaya mkataba wa simu hauruhusiwi kuzidi miezi 24!" Makofi. "Mtandao wao umeninyima hata usingizi!" Makofi tena, na mama mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Ningekomea hapo, leo ningekuwa diwani. Lakini mdomo uliponza kichwa. "Leo hii nauvunja huu mkataba! Na simu yao nawaachia hapahapa!" Nikaipiga simu juu ya kaunta, paa!, kioo kikitazama juu. Hilo la kioo kutazama juu mlikumbuke.

Dada wa dirishani hakushtuka hata kidogo. Alikuwa na ile sauti ya upole ambayo mtu mkali hajui aikamatie wapi.

"Karibu, kaka. Pole kwa usumbufu. Naomba namba yako."

Nikaitaja kwa sauti ya jukwaani. Akabonyeza, akasoma.

"Mkataba wako ni wa miezi 24, kaka. Ni sawasawa na huko Ulaya."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikajifanya sijasikia.

"Na unataka kuuvunja?"

"Leo leo."

"Umebakiza miezi 17."

"Hata ingebaki 70, dada."

Akabonyeza tena, akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na tarakimu nyingi zimesimama mstari mmoja. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena kuanzia kulia, labda zingepungua.

"Dada, hii ndiyo namba ya meneja?"

"Hiyo ndiyo gharama ya kuvunja mkataba, kaka."

Ilikuwa hela ya kununulia simu ileile, mpya, kwenye boksi, na chenji ya kava. Akaanza kunieleza taratibu, kama daktari anavyomwambia mgonjwa akae kwanza. Simu haikuwa ya bure. Bei yake ilikatwa vipande 24, kila kipande kikapachikwa ndani ya malipo ya mwezi, na mimi nimeshalipa vipande saba. Ukiondoka katikati, vilivyobaki vinakuja siku moja kama wageni wa msiba, na wanasindikizwa na sehemu ya ada ya miezi ambayo kampuni ilishaipigia hesabu. Ndiyo maana anayevunja mwezi wa tatu anaumia kuliko anayevunja mwezi wa 20. Na hata ningelipa zote palepale, kuna notisi ya siku 30, kwa hiyo tungeendelea kuwa pamoja mwezi mzima, tunatazamana.

"Na simu nikiwaachia?" Safari hii niliuliza kwa sauti ya chini.

"Hatuichukui, kaka. Hiyo ni yako na deni lake ni lako. Ukurasa wa 11."

Mtu mwenye akili angesema asante dada, akachukua simu yake, akaenda nyumbani. Lakini mimi nyuma yangu nina watu 20 niliowahutubia, na yule wa "kweli" ameshasogea kiti cha mbele. Ningetokaje? Nikaona nibadilishe shambulio.

"Basi nioneshe data yangu inakwenda wapi!" Kwa sauti. Ili wote wasikie. Nilitaka wasikie, wallahi.

Akafungua ukurasa mwingine. "Bila kikomo ni kweli haikatiki. Ila ukishatumia giga 60 ndani ya mwezi, kasi inashushwa hadi kilobiti 512 kwa sekunde mpaka mwezi uishe. Inaitwa sera ya matumizi ya haki, iko ukurasa wa tisa. Watu wengi hawafiki huko. Wewe unafika siku ya tano."

"Mimi?"

"Giga 12 kila usiku, kaka. Zinaanza saa nne usiku, zinakoma saa kumi na mbili asubuhi."

Moyo wangu ukaruka. Nimewakamata! Nikawageukia mashahidi wangu, mikono juu. "Mmesikia? Saa nne usiku! Jamani, mimi saa nne nimelala!"

"Kweli!" akaitikia yule jamaa, Mungu amsamehe.

"Wewe umelala," dada akasema, polepole, bila ubaya wowote. "Simu inafanya nini?"

Nilifungua mdomo. Mnajua ile hali neno linakuja mpaka kwenye meno, halafu ubongo unalishika mguu? Nikaufunga. Nikaufungua tena. Ofisi nzima ilinyamaza, nikawa nasikia mashine ya namba za foleni ikinguruma yenyewe. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu aliposema saa nne.

Na ndipo ikaingia meseji. Nimechunguza: ilikuwa tangazo la kampuni hiyohiyo, likiniambia nifurahie intaneti bila kikomo. Kioo cha simu kikawaka pale juu ya kaunta, kikitazama juu kama nilivyokilaza, na chini ya meseji, ile video ya usiku bado imesimamishwa palepale nilipoamkia: dirisha, matone yanateremka, na maandishi meupe.

Dada aliyaona, akakaa kimya. Yeye ana utu. Aliyesoma kwa sauti ni Swahiba.

"Mvua kubwa na radi za mbali, muda wa saa 10, ubora wa juu kabisa."

"Inanyesha, dada," nikasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule wa "kweli". Sitamsahau. Halafu mama aliyenihurumia, halafu mlinzi, ambaye yuko kazini na hakutakiwa. Mzee mmoja mwenye fimbo akangoja kelele zitulie, akaniuliza, "Mwanangu, mvua ya giga 12 kila usiku, si ungekinga hata pipa?"

Wewe unayecheka hapo, nenda kwenye mipangilio ya simu yako, fungua matumizi ya data, kisha rudi tucheke wote.

Maelezo yangu ni haya. Usingizi ulikuwa haupatikani, mtu akaniambia sauti ya mvua inalaza, nikaijaribu, nikalala kama mtoto. Sasa ile video kwa ubora niliouweka inakula kama giga moja na nusu kwa saa. Zidisha kwa saa nane. Siku tano, giga 60 zimekwisha, mtandao umekuwa kobe, mvua yenyewe inaanza kukwamakwama, inanyesha, inasita, inanyesha, na mimi nakosa usingizi, naamka na hasira na kampuni. Yaani nilikuwa nalalamika kwamba data niliyoimaliza kwa kulala hainiachi nilale.

Na kinachokula, dada akanielekeza, ni picha. Sauti peke yake ni kitu kidogo: saa nzima ya mvua ni kama megabaiti 60 tu, unaipakua mara moja, unaiweka ijirudie hadi asubuhi, na haigusi tena bando lako. Picha ndiyo niliyokuwa nailipia. Picha ambayo kila usiku nilikuwa nimeilaza kifudifudi juu ya godoro, na macho nimefumba. Miezi mitatu nimetiririsha mvua ya ubora wa juu kabisa kuioneshea shuka.

Kisha akanisogezea fomu. Fomu ya kuvunja mkataba. Kwa sababu niliiomba, tena kwa kipaza sauti cha mdomo wangu, na yeye anafuata utaratibu. "Bado unahitaji, kaka?" Nikaishika kalamu, ikaniponyoka, nikainama kuiokota. Huko chini nilikaa muda mrefu kidogo kuliko kalamu ilivyohitaji, hilo nakubali. Kulikuwa na ubaridi mzuri, na hakuna aliyekuwa ananiona isipokuwa Swahiba, ambaye alikuwa ananipiga picha. Ndiyo hiyo mnayotumiana. Pale sijapiga magoti. Nimechuchumaa.

Mengine hayana maana: sikusaini, simu nimeichukua, tumetoka kwa mlango wa pembeni, Swahiba amecheka mpaka akaketi ukingoni mwa barabara. Kuna na laini ya kampuni nyingine niliyokuwa nimeshaiagiza usiku wa kuamkia siku hiyo, mkataba wa miezi 12, ili niwakomoe hawa. Nimewahi kuighairi. Msiniulize.

Jana usiku nikapakua sauti. Saa moja kamili, megabaiti 58, nikaiweka ijirudie. Mvua nzuri, ya utulivu, haikwami hata tone. Tatizo ni kwamba dakika ya 56 kuna radi. Na hii siyo ya mbali. Kwa kuwa inajirudia, imepiga saa tano kasoro, saa sita kasoro, saa saba kasoro, kama mlinzi anayegonga kengele. Ya saa tisa kasoro ikanikuta nimeshakaa kitandani namsubiri.

Usingizi ukawa umekwisha. Nikawasha taa, nikauchukua mkataba, nikaanza ukurasa wa pili. Jina langu limeandikwa tena humo, mstari wa kwanza kabisa, na safari hii wamekosea herufi moja.

Nikaupiga picha ukurasa, nikamtumia Swahiba. Alikuwa macho. Anasema hii kesi tunashinda, kesho tuwahi namba za mwanzo.