Mwenyekiti ana kura, katibu ana faili

Kila uchaguzi wa ndani ukikaribia, lawama ni ile ile: UVCCM, Umoja wa Vijana wa chama tawala CCM, si jumuiya ya vijana kweli, ni kikosi cha hamasa kinachoendeshwa kwa rimoti. Ushahidi unaotolewa ni mmoja. Mwenyekiti huchaguliwa, kuanzia tawi hadi taifa; katibu, mwenye ofisi na muhuri, huteuliwa na Chama. Jokate Mwegelo alipopewa ukatibu mkuu wa UVCCM mwaka 2024 alitokea UWT, jumuiya ya wanawake ya CCM, na alikuwa ameshapita miaka 30, ukomo wa umri wa kugombea uongozi wa vijana. Hakuna kijana aliyempigia kura.

Hoja ina uzito. Ila wengi wanaoirudia hawajakaa kwenye ofisi ya jumuiya wilayani siku ya makabidhiano. Mwenyekiti mpya, tuseme ana miaka 26, jana kabebwa juu juu ukumbini. Leo anataka daftari la wanachama. Anauliza habari za kibanda cha jumuiya ambacho mpangaji wake kagoma kulipa kodi. Mkataba umo kabatini, na ufunguo wa kabati anao katibu. Mwenyekiti aliyemtangulia? Simu haipatikani.

Hapo ndipo ukomo wa miaka 30 unapouma. Muhula ni miaka mitano, kwa hiyo huyu wa miaka 26 akimaliza, umri nao umemmaliza. Hapati awamu ya pili ya kurekebisha alichokosea katika ya kwanza. Wala ukomo huo si wa mapambo: mwaka 2010 mwenyekiti wa taifa aliachia ngazi kwa utata wa umri wake. Sasa jumuiya ambayo viongozi wake wote wako njiani kutoka, nani atakumbuka nani anadaiwa nini? Mimi simwoni mwingine zaidi ya huyo katibu anayesemwa.

Ni kweli, katibu humsikiliza aliyemteua. Wakikorofishana na mwenyekiti, anajua simu ya nani aipokee kwanza, na kijana aliyetafuta kura kata kwa kata, kwa nauli yake, anabaki kugonga meza. Hilo linaudhi, na lina haki ya kuudhi.

Lakini kura peke yake haimfungi mtu kwa waliompa. BAVICHA, baraza la vijana la chama cha upinzani CHADEMA, ilimchagua Patrobas Katambi kuwa mwenyekiti mwaka 2014. Novemba 2017 alihamia CCM, akawa mkuu wa wilaya ya Dodoma, na 2020 mbunge wa Shinyanga Mjini. Wajumbe waliompa kura walibaki na picha za mkutano.

Ningeuacha uteuzi ulivyo, nikaongeza sharti moja: kila mwaka katibu asimame mbele ya baraza la wilaya, asome mapato na matumizi, wajumbe waulize mpaka waridhike. Na ningeanza na kile kibanda.