Shakahola na tuhuma ya kuipiga vita dini

Tangu miili ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao waliokufa njaa, ianze kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwezi Aprili 2023, mijadala mingi ya dini nchini Kenya inakwama palepale. Ukiuliza ni nani aliyempa mhubiri mamlaka ya kuwakataza waumini hospitali, unajibiwa kwamba unalipiga vita kanisa. Anayetetea uhuru wa kuabudu naye haachwi salama, huambiwa anawakingia kifua wauaji. Hapo watu huacha kujadili jambo lililowaleta na kuanza kuchunguzana nyoyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Tuhuma ya chuki ni tuhuma kama nyingine na inahitaji ushahidi. Tena hata ikithibitika, haijalijibu swali lililoulizwa. Mtu anaweza kuwa hawapendi kabisa walokole na bado akawa amesema kweli kwamba watoto wa jirani yake wameachishwa shule na wanadhoofika kwa njaa. Ofisa wa watoto anapaswa kwenda kugonga mlango huo, na habari ya moyo wa mtoa taarifa ikaangaliwe siku nyingine.

Paul Mackenzie hakuzuka ghafla mwaka 2023. Alikuwa na kanisa Malindi kwa miaka mingi, akihubiri hadharani kwamba shule na hospitali ni za shetani, na Huduma Namba, mfumo wa serikali wa kuwasajili watu, ilipokuja mwaka 2019 akaiita alama ya mnyama wa Kitabu cha Ufunuo. Mwaka 2017 alikuwa tayari amekamatwa na kufikishwa mahakamani kwa mambo yaliyohusu mafunzo ya itikadi kali na watoto wasiokwenda shule. Alifunga kanisa lake mwaka 2019 na wafuasi wake wakahamia msituni. Machi 2023 alikamatwa tena kuhusiana na vifo vya watoto wawili waliodaiwa kufa njaa mikononi mwa wazazi wao, akaachiwa kwa dhamana. Kwa dhamana! Wiki chache baadaye makaburi yakaanza kufunguliwa, na hesabu ya miili ikapita 400, wakiwemo watoto wengi. Mackenzie alikana mashtaka yaliyomkabili, lakini makaburi hayo hayana wa kuyakana.

Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana ilivilaumu vyombo vya dola kwa kutochukua hatua mapema. Sidai kwamba woga wa kuitwa adui wa dini ndio uliowafunga mikono polisi na waendesha mashtaka, maana uzembe una sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba katika nchi ambako mchungaji akihojiwa wafuasi wake huwa wepesi kulia kwamba Wakristo wanateswa, kila ofisa anajua ni rahisi zaidi kunyamaza.

Upande wa pili, wa wanaotetea uhuru wa kuabudu, nao una hoja nzito, na wanaoupuuza hawajaishi Pwani. Februari 2014 polisi waliingia msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, na viatu vyao, wakawakamata zaidi ya watu mia moja, vijana wadogo wakiwemo. Wengi wao baadaye waliachiwa. Miezi miwili baadaye ikaja Usalama Watch, operesheni ya polisi dhidi ya ugaidi, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wakasombwa, baadhi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kweli: wanamgambo wa Al-Shabaab walikuwa wanaua watu. Lakini waliobebeshwa mzigo ni watu ambao kosa lao lilikuwa kuswali mahali fulani au kuwa na sura fulani. Aliyepitia hayo akisikia serikali inataka "kudhibiti mafundisho potofu", ana haki ya kuuliza nani ataamua upotofu ni upi.

Hata katika sakata la Shakahola kwenyewe, mchungaji Ezekiel Odero wa Mavueni, kaunti hiyohiyo ya Kilifi, alikamatwa Aprili 2023 na kanisa lake kubwa likafungwa, kisha akaachiwa kwa dhamana huku akikanusha tuhuma zote. Kumchunguza mtu kukiwa na sababu ni wajibu wa dola. Kilichonisumbua ni mazungumzo ya mitaani siku zile, ambapo kila mwenye kipaza sauti na maji ya upako aligeuka Mackenzie. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, tulisema. Kwa binadamu msemo huo ni dhuluma.

Ikumbukwe pia kwamba kilio cha kuonewa hakitumiwi na wanyonge peke yao. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya kilisajiliwa, na baada ya malalamiko ya watu wa dini usajili wake ukasimamishwa kwa hoja ya amani ya umma. Watu wachache wasio na msikiti wala kanisa wakaonekana tishio kwa walio wengi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni, na mwenye imani ndogo au asiye na imani yoyote yumo humo.

Kwa hiyo mtu akiishutumu imani fulani, mimi husikiliza anataja nini. Akisema "mhubiri huyu, mahali hapa, amewazuia watoto hawa wasitibiwe", ametaja kitendo, na kumwita mbaguzi ni kukwepa. Akisema "hao watu ndivyo walivyo", ameshaacha kitendo na kuishika jamii nzima, na hapo anayelalamikia ubaguzi yuko sahihi. Tatizo ni kwamba mara nyingi kauli zote mbili hutoka kinywani mwa mtu mmoja kwa pumzi moja, na anayejibu huchagua ile inayomrahisishia kazi.

Sheria nazo zimenasa katika mtego huohuo. Mwanzoni mwa 2016 Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alitoa kanuni zilizowataka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu wakazipinga, na Rais Uhuru Kenyatta akazirudisha kwenye mashauriano. Rwanda ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018, ikafunga maelfu ya makanisa na kuwataka viongozi wa dini wasomee theolojia. Baada ya Shakahola, Kenya imerudi kwenye meza hiyo, kwanza kwa jopo lililoundwa na Rais na kuongozwa na mchungaji Mutava Musyimi, kisha kwa muswada wa mashirika ya dini uliopelekwa Seneti.

Mimi naupinga ulazima wa cheti, kwa sababu unampima mtu kwa elimu yake na kumwangukia mchungaji maskini wa Kibera ambaye hajamdhuru yeyote, ilhali tapeli mwenye pesa atakipata. Lakini sikubali hata kidogo kwamba kumfuatilia mtoto aliyeondolewa shuleni ni kuingilia ibada. Elimu ya msingi ni lazima kisheria tangu 2013. Mtoto akikosekana darasani, afuatwe alipo, awe msikitini, kanisani au msituni, na anayelalamika kwamba anaonewa apewe nafasi ya kulieleza hilo mahakamani, mtoto akiwa tayari ameshakula.