Fenesi Lilikuwa Moja

Kwa kuwa Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshaweka sauti yake kwenye grupu la familia akisema nililirudisha gari lake nyuma mlimani, nikamwaga mafenesi matatu na kumliza mtu wa boda, na sauti hiyo imeshafika mpaka kwa wajomba wa Mbale, naomba na mimi nisikilizwe. Mafenesi hayakuwa matatu. Lilikuwa moja. Na yule wa boda hakulia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Gari la Shemeji mnalijua. Msiolijua mmeshalisikia: Subaru STI, giya sita, sailensa ya kuamsha mtaa. Mimi ni mtoto wa otomatiki, kama wengi wa mji huu tuliokulia kwenye magari ya Japani ya mkono wa pili. D ukienda, R ukirudi, maisha yanaendelea. Sasa dada yenu, mke wangu, akatamka mbele ya watu kwamba mumewe hajui klachi. Jumamosi nikawa kiwanjani.

Shemeji kama mwalimu simnyimi haki yake. Kiwanja cha murram, tambarare, hakuna hata mbuzi. Alianza na kiti: kisogezwe mpaka ukikanyaga klachi hadi sakafuni, goti libaki limekunjika kidogo. Mguu ukinyooka wote, utaachia klachi kwa kiuno, na kiuno hakina breki. Ndara zangu akazitupa nyuma. Kisha akanikataza kugusa mafuta. Klachi chini, giya ya kwanza, achia taratibu mpaka sindano ya mizunguko ya injini ishuke kidogo na pua ya gari iinuke. Hapo klachi imeshika. Tulia hapo hapo, gari litatambaa lenyewe. Rudia mpaka mguu ukariri.

Kwenye gari la kawaida, hapo pa kushikia ni papana, hata mguu wa kubahatisha unapapata. Kwa Shemeji ni pembamba, maana fundi wake alimfungia presha pleti ya mashindano, ile inayoibana sahani ya klachi, na flaiwili nyepesi, lile gurudumu la chuma linalozunguka na injini. Flaiwili nzito ndiyo inayomsamehe mwanafunzi: inatunza nguvu ya mzunguko, kwa hiyo ukikosea inakubeba kidogo kabla injini haijazima. Nyepesi haimbebi mtu. Mizunguko inapanda upesi na kushuka upesi, ukichelewa na mafuta tu, kimya. Ongeza na kwamba injini yenyewe ni ya lita mbili yenye tabo, ile feni ya kuishindilia hewa, mbano wake wa ndani umewekwa chini, 8 kwa 1, ili ihimili hilo tabo. Chini ya mizunguko elfu tatu hivi tabo bado limelala, na unachobaki nacho si injini ya kupandia mlima kwa kuachia klachi tu. Inataka mafuta. Ila ukiyazidisha, tabo linaamka, na likiamka halikuulizi ulikuwa unakwenda wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa kwenye pete, maana kesi yote iko hapa.

Chini ya kirungu cha giya cha gari hilo kuna pete. Rivasi haiko kule chini kulia kama mlivyozoea kwenye giya tano. Iko juu kushoto kabisa, pembeni ya giya ya kwanza, bega kwa bega. Kinachozitenganisha ni kizuizi, na kizuizi hicho kinafunguka ukiinua pete kwa vidole. Usipoinua, ukisukuma kirungu kushoto utagonga ukuta, ukipandisha mbele ni ya kwanza. Ukiinua, ukuta haupo, mkono unapitiliza, ukipandisha mbele ni rivasi. Mkononi tofauti yake ni ndogo mno. Ndiyo maana kirungu hushikwa kwa kiganja juu, kidole gumba chini, kiganja kikitazama upande wa abiria kwa ajili ya ya kwanza na ya pili. Mimi Jumamosi iliyobaki nilikuwa nafundishwa kurudi nyuma na kupaki, nikazoea kukishika kwa chini kama bilauri ya chai ya moto. Vidole viwili vinaishi kwenye pete. Shemeji aliona, hakusema kitu. Nililiweka hili kwenye grupu, likafutwa na admini, na mnajua admini ni nani.

Jumapili asubuhi akanipeleka Tank Hill Road, mlima wa hapa Kampala, kutoka Kabalagala kupanda Muyenga. Mnaoijua mmeshaguna.

"Shemeji, si mapema hii?" nikamuuliza.

"Shemeji, cheti cha klachi kinatolewa mlimani."

Tulipanda vizuri mpaka katikati, giya ya pili, hata kiwiko nimekitoa dirishani. Mbele yetu lori la matofali likasimama kupisha gari linalotoka getini. Mimi nikasimama. Nyuma yangu akasimama boda, amefunga fenesi kwa mpira wa tyubu kwenye kiti cha nyuma, fenesi la kushiba ukoo. Nyuma ya boda taksi, zile basi ndogo za abiria, imejaa, konda kichwa nje. Kando ya barabara kijana wa rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, anapasua mayai.

Lori likaondoka. Jaribio la kwanza, likazima. Hilo ni la flaiwili, nimeshawaeleza. Honi moja ya taksi, ya heshima. Jaribio jingine, likazima. Honi ya pili haikuwa ya heshima. Shemeji akavuta pumzi, akasema kwa sauti ile ya daktari, "Hendibreki juu. Toa giya. Washa. Anza upya."

Nikafanya yote. Hendibreki juu, kweli. Klachi sakafuni, kweli. Nikaingiza "giya ya kwanza". Vidole vikiwa kwenye pete.

Hapo hapo taa nyeupe zikawaka nyuma. Sikuziona, kwa sababu nilikuwa natazama mbele kama mtu anayejua anakokwenda. Boda aliziona. Konda aliziona. Kijana wa rolex akasimamisha yai hewani. Yaani wote kwenye kile kipande cha barabara walijua gari limo kwenye giya gani isipokuwa aliyeshika usukani na mwalimu wake, ambaye kwa wakati huo alikuwa anachungulia simu. (Hii pia ilifutwa na admini.)

Nikakanyaga mafuta. Niliambiwa mizunguko elfu mbili. Nilikuwa nimeshazima mbele ya hadhira, sikutaka tena, nikaenda elfu nne. Sailensa ikaunguruma Muyenga nzima. Nikaanza kuachia klachi, taratibu, kwa adabu zote za kiwanjani. Na gari likaniambia ukweli, jamani. Ukiwa kwenye ya kwanza na hendibreki juu, klachi ikishika, pua inainuka. Pua ya Shemeji ikazama. Mkia ndio ukainuka. Ile ilikuwa barua ya onyo, mimi nikaisoma kama barua ya pongezi. Nikasema kimoyomoyo, hapa sasa imeshika. Nikashusha hendibreki.

Mlima unavuta nyuma. Rivasi inavuta nyuma. Tabo limeamka. Magurudumu yote manne yanasukuma kwa pamoja, kwa hiyo hakuna hata moja la kuteleza likakupa nafasi ya kufikiri. Nikaona lori la matofali linapungua. Kwa sekunde nzima niliamini lori ndilo linakimbia. Nikaongeza mafuta nilifuate.

Boda akaruka, "Banange!", pikipiki akaiacha imesimama peke yake kwa mguu wake wa pembeni. Shemeji akaangusha simu, akashika hendibreki kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia hata siku ya mahari yetu. Miguu yangu yote miwili ikaruka kwenye kanyagio moja, la breki. Klachi hakuna aliyeikumbuka, na ndiyo iliyotuokoa: likazima likiwa ndani ya giya, likang'ang'ania pale pale. Bampa ikaigusa tairi ya mbele ya boda. Iliigusa tu! Pikipiki ikainama pole pole, mpira wa tyubu ukachomoka, na fenesi likashuka chini kwa utulivu mkubwa.

Kisha likaanza safari ya kurudi Kabalagala.

Fenesi halibingiriki kama mpira. Lina upande mnene na upande mwembamba, kwa hiyo linakwenda kwa kupepesuka, linaelekea mtaroni, linaghairi, linarudi katikati. Likapita ubavuni mwa taksi. Abiria wakageuza shingo zote kwa mpangilio. Konda akaruka, akalikimbilia akipiga kelele "Ffene! Ffene!", na wa chini wakadhani anatangaza bei. Liligonga jiwe la kuzuia meza ya muuza nyanya, likapasuka.

Mengine ni mafupi. Fenesi nililipa, kioo cha boda nililipa, bampa ina mkwaruzo ambao Shemeji anaupiga picha kila mwanga unapobadilika. Fenesi likaliwa pale pale na boda, konda, muuza nyanya na mimi mwenyewe, maana lilikuwa langu kisheria. Ulimbo ukatuganda mikononi, kijana wa rolex akatumiminia mafuta ya kupikia tukasugua ukatoka, akanitoza hayo pia.

Aliyelipandisha gari mpaka juu ni dereva wa taksi. Mzee mmoja wa ndara, na Shemeji hakuthubutu kumwambia azivue. Alishika kirungu kwa kiganja juu, hakuigusa pete. Mizunguko akaiweka elfu mbili na kidogo, akaiacha hapo, akaachia klachi mpaka pua ikainuka, akasubiri kama mtu anayesubiri chenji, ndipo akashusha hendibreki. Gari halikurudi hata inchi. Halikunuka klachi. Akatushusha juu, akasema, "Ssebo, hili gari ni zuri, lakini halimfai anayeanza."

Kwa hiyo wewe uliyenitumia katuni ya fenesi saa tano usiku, na wewe uliyeuliza kama klachi imeungua: haijaungua. Klachi huungua ukiiacha nusu nusu muda mrefu, inateleza huku injini inaunguruma, hasa kwenye gari la magurudumu manne ambalo tairi hazikubali kuteleza, moto wote unabaki kwenye sahani ya klachi. Mimi sikuiacha nusu. Niliiachia yote. Fundi amekagua na amethibitisha, Shemeji anayo risiti, muulizeni kwa nini hiyo hakuiweka kwenye grupu.

Yule mzee amekubali kunifundisha kwenye taksi yake, giya tano, rivasi mahali pake, flaiwili nzito ya kiwandani. Sharti lake ni kwamba kabla ya kushika usukani nifanye zamu moja ya ukonda, nijue abiria wanavyojisikia gari likirushwa. Zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Shemeji ameshaulizia nitakuwa stendi gani.